Kistari Katika Daftari

Nilianza ukarani wa mizani ufuoni Sindo mwaka 1975, kijana aliyemaliza darasa la saba akakosa karo ya kuendelea. Sindo ilikuwa bado katika wilaya ya South Nyanza, barabara ya kutoka Mbita ilikuwa ya vumbi, na umeme tuliusikia tu kwa wasafiri. Mzee aliyenifundisha kazi hakuanza na mizani. Alianza na daftari. Mtumbwi ulioingia ziwani ukarudi mtupu, alisema, uandikie sifuri. Mtumbwi uliobaki ufuoni uandikie kistari.

“Nyathina, mwanangu, usije ukavichanganya hivi viwili,” aliniambia. “Sifuri ni ya aliyetega akakosa. Kistari ni cha yule ambaye hatujui angevua nini.”

Nimestaafu sasa, na kanuni hiyo bado ninayo. Ndiyo ninayoitumia kuwapima watu niliowapenda kuliko wanamichezo wote, mabondia wa Kenya.

Wazee wetu wa ufuo huu, Wasuba na Wajaluo, walikuwa na mieleka yao, ambayo kwa Dholuo huitwa olengo. Katika olengo ya vijijini hapakuwa na kilo. Mwenye mgongo mpana alimwangusha mwembamba, na kijiji kikawa na bingwa mmoja. Ndondi zililetwa na wakoloni, zikaenea kupitia jeshi, polisi na magereza, na zilipokuja zilikuja na mizani. Mizani ndiyo iliyompa mtu mdogo ufalme wake. Mwenye kilo 48 hakulazimika tena kumwogopa mwenye kilo 80. Alitakiwa kuwashinda wote wa kilo zake, naye akawa mfalme kamili kama mfalme mwingine yeyote.

Wapo wachache duniani waliotawala hivyo hadi wapinzani wakaisha. Joe Louis wa Marekani alitwaa taji la uzani wa juu mwaka 1937 na kulitetea mara 25 kabla ya kustaafu mwaka 1949. Lakini sisi ufuoni hatukuhitaji kutazama mbali hivyo. Tulikuwa na wetu.

Wa kwanza alikuwa Philip Waruinge wa Nakuru, mtu wa uzani wa unyoya, kilo 57. Alishinda dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston mwaka 1966, akairudia Edinburgh mwaka 1970. Kati ya hizo mbili ndipo ilipo habari ninayoipenda zaidi. Mwaka 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico, Waruinge alishindwa katika nusu fainali na Antonio Roldán, kijana wa nyumbani Mexico, akabaki na shaba. Kulikuwa na Kombe la Val Barker, lililokuwa likipewa bondia mwenye ufundi bora katika mashindano yote ya Olimpiki, uzani wowote ule. George Foreman alikuwa Mexico mwaka huo na akaondoka na dhahabu ya uzani wa juu. Kombe lile alipewa Waruinge, mwenye shaba. Waamuzi walimnyima fainali, na bado ilibidi dunia ikiri kwamba hakuna aliyecheza kama yeye.

Mwaka 1972 mjini Munich alifika fainali na kupoteza kwa Boris Kuznetsov wa Muungano wa Kisovieti, majaji wakigawanyika watatu kwa wawili. Baadaye alikwenda Japani kupigana ngumi za kulipwa. Katika daftari langu Waruinge hana kistari hata kimoja. Alitega kila mahali palipotegwa.

Wa pili ni Stephen Muchoki, na huyu ndiye ninayetaka kumtetea.

Muchoki alikuwa wa kilo 48, uzani mwepesi kuliko wote uliokuwapo wakati huo, ambao ndio kwanza ulikuwa umeingizwa kwenye Olimpiki mwaka 1968. Mwaka 1974 alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch. Mwaka huohuo Wacuba waliandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya ngumi za ridhaa mjini Havana. Muchoki akapenya hadi fainali, akapoteza kwa mwenyeji, Jorge Hernández. Fedha ya dunia kwa kijana wa Kenya haikuwa jambo dogo. Aliyemshinda alikuwa amejulikana, na Olimpiki ya Montreal ilikuwa miaka miwili mbele.

Nakumbuka jioni za mwaka 1976. Mwenye duka alikuwa na redio, na betri zake alizianika juani mchana kutwa ili usiku ziseme kidogo. Wavuvi wa omena walikusanyika hapo wakijaza mafuta kwenye karabai kabla ya kuingia ziwani. Tulijua wakimbiaji wetu kwa majina, na Muchoki tulimjua kwa kilo. Kisha Sauti ya Kenya ikatangaza kwamba timu haitashiriki. Nchi nyingi za Afrika zilikuwa zimejitoa kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu, na New Zealand hiyohiyo ikaachwa ishiriki Olimpiki. Hakuna aliyebisha pale dukani. Kudai haki ya watu weusi wa Afrika Kusini ilikuwa haki yetu pia, na hadi leo nasema Afrika ilifanya sawa. Lakini dhahabu ya kilo 48 ilichukuliwa na Jorge Hernández, na mtu mmoja aliyestahili kusimama mbele yake kwa mara ya pili hakuwapo.

Kistari cha kwanza.

Mei 1978, mashindano ya dunia yalifanyika Belgrade, na Muchoki akawa bingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa. Habari ilitufikia jioni, karabai zikiwa zimeshawashwa. Mzee wangu wa mizani aliifuta sahani ya mizani kwa kanzu yake kuukuu na kusema, “Sasa kilo 48 ni mali yetu.” Miezi michache baadaye, mjini Edmonton, Muchoki alitwaa tena dhahabu ya Jumuiya ya Madola. Miaka ya themanini, mbuta walipojaa ziwani na samaki wakubwa wakaanza kuning'inia kwenye mizani yetu, kila sindano iliposimama kwenye 48 niliita “Muchoki!” na wavuvi wakaitikia. Wapo vijana waliokua pale ufuoni wakidhani ni jina la kipimo.

Mwaka 1980 alikuwa bingwa wa dunia, na Olimpiki ilikuwa Moscow. Majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan mwezi Desemba 1979, Marekani ikaitisha mgomo, na Kenya ikaungana nayo. Safari hii dukani watu walinyamaza kwa namna nyingine. Afghanistan hatukuijua, na hakuna mtu wa Sindo aliyeona uchungu wa jambo hilo kama alivyoona uchungu wa Afrika Kusini. Dhahabu ilikwenda kwa Shamil Sabirov, Msovieti aliyepigana kwao.

Kistari cha pili.

Mwaka huo Muchoki aliingia ngumi za kulipwa na kuhamia Denmark. Mwaka 1983 mjini Copenhagen alipigania taji la dunia dhidi ya Santos Laciar wa Argentina, pambano likasimamishwa raundi ya 9. Hiyo naiandika sifuri, kwa heshima zote, maana aliingia ulingoni akakosa. Mtu asiniambie ni sawa na Montreal au Moscow.

Watu wakiulizwa bondia bora wa Kenya hujibu haraka Robert Wangila, na sina ugomvi nao. Mwaka 1988 Seoul, katika uzani wa welta, alimwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa raundi ya pili ya fainali, akawa Mkenya wa kwanza na wa pekee hadi leo kushinda dhahabu ya ndondi ya Olimpiki. Boudouani huyo baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa, kwa hiyo ujue ni mtu wa namna gani aliyelala chini. Wangila alifariki Las Vegas Julai 1994 kutokana na majeraha ya ulingoni, na siku habari ilipofika hapa tulifunga banda mapema.

Lakini karani mwaminifu hasomi ukurasa mmoja. Cuba haikwenda Seoul, iligoma. Miaka minne kabla yake, Ibrahim Bilali wetu alipopata shaba Los Angeles, Cuba na Wasovieti pia walikuwa wamegoma. Basi vistari vimejaa katika daftari za mataifa mengi, na havimpunguzii Wangila gramu moja. Alipanda mizani, akapigana na kila aliyeletwa. Ninachokataa ni kuhesabu medali za Olimpiki peke yake halafu Muchoki aonekane hana kitu, kana kwamba alikwenda mara mbili akarudi mtupu.

Siku hizi mizani ya ufuoni ni ya betri, inaandika namba nyekundu, na karani ni msichana mwerevu aliyesoma kidato cha nne. Mwaka uliopita nilimkuta anajaza sifuri kwenye safu ya mtumbwi ambao ulikuwa juu ya mchanga wiki nzima, ukipigwa lami. Nilimwomba kalamu. Nikamwambia habari ya mtu wa kilo 48, mwanzo hadi mwisho, naye akasikiliza huku mbuta wakisubiri kwenye beseni. Nilipomaliza alifuta sifuri zote saba, na mahali pake akachora vistari, kimoja kimoja, kwa rula.