Unguja kutoka juu

Wiki hii sina habari ya siasa wala ya mgao wa umeme. Nimekuwa rubani. Kila usiku baada ya isha nakaa chumbani kwangu Mkunazini na laptopu iliyochoka, narusha Cessna kutoka uwanja wetu wa ndege, na mara nyingi naiangusha.

Programu yenyewe inaitwa FlightGear. Kwa wasioijua, ni simuleta, yaani programu inayoigiza urushaji wa ndege kwa mahesabu ya kweli ya mbawa, injini na upepo. Ni programu huria: hulipi kitu, unaruhusiwa kuifungua uone ilivyoundwa, na ukitaka unaibadili. Ilianza mwaka 1996, pale David Murr wa Marekani alipotoa pendekezo kwenye intaneti kwamba wapenzi wa simuleta waunde ya kwao, maana zile za madukani zilikuwa zimefungwa na mtumiaji hana la kurekebisha. Mwaka 1997 Curtis Olson akatoa toleo la mwanzo. Toleo lililoitwa 1.0 halikutoka mpaka Desemba 2007. Miaka 10 ya watu kukesha bila mshahara, na sisi tukicheleweshewa posho wiki moja tu tunaweka kalamu chini!

Kuanza si kazi kubwa. Ukishaipakua, inakuuliza unataka ndege gani na uwanja gani. Chukua Cessna 172, ndiyo wanayojifunzia marubani wengi duniani. Kwenye uwanja andika HTZA, herufi za Uwanja wa Abeid Amani Karume. Usipochagua, watakupeleka kwao; miaka mingi kila mgeni alikuwa anaanzia San Francisco. Kuwasha injini kuna hatua zake, lakini kwenye menyu ya ndege ipo njia ya kuiwasha yenyewe. Usione haya, itumie. Achia breki, ongeza nguvu taratibu, ukikaribia kilomita 100 kwa saa vuta pua kidogo. Ndege itataka kukimbilia kushoto kwa sababu ya mzunguko wa propela, nawe uirudishe kwa mguu (mimi sina pedali, natumia kibodi). Nimeishia kwenye majani upande wa Mbweni sijui mara ngapi.

Kuna jambo moja lililonifanya nisimame. FlightGear inaweza kuchukua taarifa za kweli za hali ya hewa kutoka viwanja vya ndege, ikakupanga upande wa kurukia kufuatana na upepo. Njia yetu imelala kaskazini na kusini. Ukicheza Januari unaruka kuelekea mjini, ukicheza Julai unaruka kuelekea Chumbe. Kaskazi na kusi! Pepo zilezile zilizoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi na kuyarudisha ndizo zinazoamua rubani aelekeze wapi pua. Naishi hapa tangu kuzaliwa na sikuwahi kulifikiria.

Nikamwita babu. Miaka ya sitini alikuwa mpakiaji mizigo pale uwanjani, ambapo yeye mpaka leo anapaita Kisauni. Ndege zilikuwa za East African Airways, shirika lililoanza 1946 na kufa 1977, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ingawa hisa za Zanzibar mwanzoni hazikufika hata asilimia 1. Babu alipakia Dakota, yaani DC-3, miaka na miaka. Hakuwahi kupanda hata moja kama abiria.

FlightGear wanayo DC-3. Nikaitayarisha, nikamkalisha babu mbele ya kioo.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Humu ukipakia mizigo unapanda mlima, maana mkia uko chini." Nilipoongeza nguvu akanishika mkono: "Subiri mkia unyanyuke kwanza, mjukuu wangu." Kumbe alikuwa akiziangalia zikiruka miaka yote ile. Mkia ukanyanyuka, tukaruka kuelekea kusini, nikakata kulia.

"Taa ya Chumbe iko wapi?"

Haikuwepo. Kulikuwa na bahari na kijani. Nikageuza kufuata pwani mpaka Mji Mkongwe, na chini yetu likatokea bapa la rangi ya vumbi lenye vijumba vya kufanana. Hakuna Ngome Kongwe, hakuna Beit el Ajaib. Babu akanyamaza, kisha akasema, "Umenirusha juu ya nchi ya watu wengine."

Nikaona aibu, nikaenda kutafuta sababu. Mandhari za FlightGear za mwanzo zilitokana na ramani za jeshi la Marekani zilizochorwa kwa kipimo cha 1 kwa 1,000,000. Kwa kipimo hicho Unguja nzima, toka Nungwi hadi Makunduchi, ni kama sentimita 8 na nusu. Vilima vyetu vilipimwa kwa rada na chombo cha anga Endeavour, Februari 2000, kwa siku chache tu. Na kabla ya hapo, tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia, kimoja kati ya vituo vilivyoongea naye kilikuwa chetu, pale Tunguu. Kilikuwa cha Wamarekani, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kikafungwa. Kila mara aliyeko juu ni mwengine, sisi tuko chini tunapakia mizigo.

Mpaka 2016. Mwaka huo Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kwa msaada wa Benki ya Dunia, walianza kuipiga picha Zanzibar yote kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Walioshika mitambo walikuwamo wanafunzi wa SUZA. Picha zile zinaonyesha paa moja moja, na ziliwekwa wazi kwa yeyote. FlightGear nayo inaweza kujenga nyumba kutokana na ramani huria ya OpenStreetMap, kwa hiyo vijumba vya kufanana havina kisingizio tena.

Basi nimeanza. Najifunza Blender, programu huria ya kuchora majengo, nisimamishe mnara wa taa wa Chumbe uliojengwa 1904, kisha niutume kwenye hazina ya FlightGear ambako yeyote huchangia. Utakaofuata ni Beit el Ajaib, kama ilivyokuwa kabla ya sehemu yake kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Jana nilimwonyesha babu mnara. Akauangalia sana. Anasema nimeufanya mfupi. Jumamosi natafuta ngarawa ya kunisogeza Chumbe nikapige picha.