Mto Unaopitia Chooni

Ukiflashi choo pale Umoja au South B, kuna uwezekano mkubwa kwamba umehamisha mto. Sitanii. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Nairobi hutoka Ndakaini, bwawa lililoko Gatanga, Murang'a, kwenye Mto Thika. Mto huo ni wa ukoo wa Tana. Ungeachwa uende zake, maji yake yangepita Masinga, yapite Garissa, na kuingia baharini Kipini. Sisi tunayakatiza njiani. Yanasafishwa Ng'ethu, Kiambu, yanafika jijini, tunapikia, tunaoga, tunayamwaga. Yakishamwagwa yanashika njia nyingine kabisa: Ruai, Mto Nairobi, Mto Athi, kisha baharini karibu na Malindi.

Siku nilipofuata safari hiyo kwa kidole kwenye ramani, nilianza kuuliza swali la kihistoria: nani alikubaliana na nani?

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, kwenye kinamasi. Ajabu ni kwamba mji uliopewa jina la maji baridi haukuchukua muda kuanza kuomba maji kwa jirani. Kusema "kuomba" ni heshima tu. Walianza na chemchemi za Kikuyu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 likaja bwawa la Ruiru, Kiambu pia. Katikati ya miaka ya 1950 wakajenga Sasumua, huko Kinangop, ambako leo ni Nyandarua. Angalia wakati huo: ni Hali ya Hatari, Kinangop ni ardhi ya masetla, na Waafrika wa Kati wanafungiwa vijijini kwa amri. Katika hali hiyo sioni mkulima mweusi wa milima ya Aberdare akiketi mezani kujadili maji na Baraza la Jiji. Hakukuwa na meza.

Uhuru ulibadilisha mengi, ila tabia hii haikubadilika sana. Ndakaini ilikamilika mwaka 1994, ikiwa na uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70. Wakati huo kulikuwa na mabaraza ya wilaya, yenye madiwani na ofisi zenye mabati ya kutu, lakini mambo makubwa yaliamuliwa juu. Jiji lilipata maji, nao majirani wakapata bwawa la kutazama. Malalamiko ya watu wa Gatanga kwamba wanaishi kando ya bwawa huku mabomba yao yakiwa makavu ni ya miaka mingi. Nilienda huko mara moja kushangilia rafiki kwenye mbio za Ndakaini. Mandhari ni ya kupiga picha, chai imepandwa hadi karibu na maji. Kituoni nilinunua maji ya chupa.

Kisha ikaja Katiba ya 2010, na hapa ndipo mambo yanakuwa matamu. Jedwali la Nne linazipa kaunti huduma za maji na usafi. Jedwali hilo hilo linaiachia serikali ya kitaifa ulinzi wa vyanzo vya maji na usalama wa mabwawa. Kwa hivyo bomba ni la kaunti, bwawa ni la taifa, mvua ni ya Mungu, na mlima uko Murang'a. Haikuchukua muda kabla Mwangi wa Iria, gavana wa kwanza wa Murang'a, kudai robo ya mapato ya maji yanayouzwa jijini. Wanairobi wengi walicheka. Mimi sikuona cha kucheka, ingawa hesabu yake sikuipenda: pesa zikienda kwa serikali ya kaunti, hakuna sheria inayozilazimisha kufika kwenye bomba la mama wa Gatanga.

Nilichoona kina maana zaidi ni Kifungu cha 189. Kinasema kaunti zishirikiane, na kwamba zinaweza kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Kwa usafiri, tumejaribu: mwaka 2017 iliundwa NaMATA, ya kuunganisha Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Najua, bado tunapanda matatu zile zile. Lakini angalau kwenye karatasi kaunti hizo tano zina kiti. Kwenye maji, ugomvi umeendeshwa zaidi kupitia wizara na mikutano ya wanahabari. Hata handaki la kilomita 11.8 linaloleta Ndakaini maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati lilianza kuchimbwa huku wanasiasa wakirushiana maneno kuhusu nani atakauka.

Na kuharibikiwa nako tunashiriki. Mwaka 2003 mafuriko yaliharibu sehemu ya bwawa la Sasumua ya kutolea maji yaliyozidi, na foleni za mitungi zikarefuka Nairobi, mbali na Nyandarua.

Mjadala wetu huishia hapo, kwa anayetoa na anayepokea. Walio chini ya mto hawatajwi. Athi inapoondoka Nairobi na uchafu wetu inapita Machakos na Makueni, ambako watu humwagilia sukumawiki kwa maji hayo. Inaungana na Mto Tsavo, inaitwa Galana, kisha Sabaki. Huko Baricho, Kilifi, kuna visima kando ya mto vinavyovuta maji kupitia mchanga. Yanasukumwa hadi Malindi, Kilifi mjini na Mombasa, ambayo haina mto wake wa kunywa na hutegemea pia Kwale na chemchemi za Mzima, Taita Taveta. Binamu yangu anaishi Kisauni. Bomba lake likikauka, hununua mtungi kwa mwenye mkokoteni, na hajawahi kuisikia Ndakaini.