Setilaiti iliyoitwa Uhuru

Wahitimu wenzangu, tukisikia habari za nyota tunawaza Ulaya na Marekani tu. Sasa someni hii.

Mwaka 1962 Riccardo Giacconi, Muitalia aliyefanya kazi Marekani, alirusha roketi yenye vipimo vya eksirei, miale ile ile ya kupigia radio hospitalini. Hewa ya dunia inazuia miale ya angani, lazima uipimie juu kabisa. Lakini roketi inakaa huko dakika chache tu, halafu inaanguka. Ikatakiwa setilaiti.

Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitalia baharini, karibu na Malindi, Kenya. Kwa nini kule? Karibu na ikweta, mzunguko wa dunia unaipa roketi msukumo zaidi. Na juu ya siku ile Kenya ilisherehekea uhuru, setilaiti ikaitwa Uhuru.

Ikapima mabaki ya nyota zilizolipuka, ikaonyesha gesi ya moto mkali katika makundi ya galaksi za mbali. Giacconi akapata Nobel mwaka 2002.

Kumbe Kisangani yetu iko karibu na ikweta kuliko Malindi! Mahali tunapo. Tuwafundishe wadogo zetu fizikia ya kupima, si ya kukariri tu.