Ushirika, Usharika na Ndama wa Jirani

Maneno usharika na ushirika yana mzizi mmoja, na historia ya Rungwe yaonyesha sababu. Nchi hii imejaliwa mvua, migomba, kahawa na chai. Bali watu ni wengi na mashamba ni madogo, hata nyumba isiyo na jirani mwema huanguka upesi. Wanyakyusa huuita ujirani huo ukwangala.

Wakulima waliunda chama kikuu cha ushirika cha Rungwe ili wauze mazao yao kwa pamoja. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini kote, hata sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Ofisi zilifungwa, ukwangala haukufungwa.

Juu ya msingi huo ulisimama mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, ulioenezwa na Heifer Project International pamoja na makanisa na mashirika mengine nchini. Familia hujenga banda na kupanda majani kwanza, ndipo hupewa mtamba. Maziwa hunywewa na kuuzwa. Samadi hurudi migombani. Ndama jike wa kwanza si wake: humpa jirani anayengoja.

Hapo ndipo penye jaribu. Ndama akizaliwa dume au akifa, jirani hungoja tena; na mwenye kumficha ndama huwanyima wote walio nyuma yake. Lakini atoaye kwa uaminifu hupata heshima ambayo msaada mtupu hauwezi kuileta: jana alikuwa mpokeaji, leo ni mtoaji.