Mstari Mmoja, Vipimo Viwili

Mpaka wa Tanzania na Uganda, kuanzia Mto Kagera kwenda mashariki hadi ndani ya Ziwa Victoria, haufuati mto wala mlima. Ni mstari ulionyooka, digrii 1 kusini ya Ikweta. Haukubuniwa na Mtanzania wala Mganda. Ulitajwa katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890, mapatano yaliyofanywa mbali na watu waliokuwa wakilima na kuchunga katika nchi hiyo. Kati ya mwaka 1902 na 1904 tume ya mabeberu hao wawili ilikuja na darubini, ikatazama nyota, ikasimamisha alama za mpaka.

Mstari huo umekwisha kumwaga damu. Tarehe 1 Novemba 1978 nduli Idi Amin alitangaza kwamba ameitwaa nchi yote iliyo kati ya mpaka huo na Mto Kagera. Majeshi ya Tanzania yalimtimua, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Basi mtu akiwaambia wananchi wa Kagera kwamba mpaka umesogea, hasemi neno jepesi. Na leo kipo chombo kidogo, cha kushikwa mkononi, kinachoweza kumfanya mtu aseme hivyo.

Ili kuelewa jambo hili yatupasa kurudi nyuma. Mwaka 1879 David Gill, mnajimu wa Serikali ya Uingereza huko Rasi ya Tumaini Jema, alitoa wazo la kuipima Afrika kutoka kusini hadi kaskazini kwa kufuata longitudo ya digrii 30 mashariki. Wapima ardhi walipanda kilele baada ya kilele. Uganda ilifikiwa mwaka 1908 na 1909, Tanganyika katika miaka ya 1930, na kazi yote ikakamilika mwaka 1954. Kutokana na kazi hiyo Kenya, Uganda na Tanzania zilipata msingi mmoja wa vipimo, uitwao Arc 1960. Jirani zetu wa Zambia na Malawi walirithi msingi wa Arc 1950. Ramani zetu zilichorwa juu ya misingi hiyo, na mashamba mengi yakapimwa kwayo.

Kisha zikaja setilaiti. Ya kwanza ya mfumo wa GPS wa Marekani ilirushwa mwaka 1978, na hadi Mei 2000 Wamarekani waliwapa raia ishara iliyopunguzwa usahihi kwa makusudi. Setilaiti hazianzi kupima katika kilele cha mlima. Huanza katika kitovu cha dunia. Kwa sababu hiyo namba zake na namba za Arc 1960 hupishana kwa karibu mita 300. Mtu akiitafuta digrii 1 kusini kwa kipokezi cha setilaiti peke yake, atasimama karibu mita 300 kaskazini ya mstari uliochorwa katika ramani ya zamani. Kipokezi hakikosei, wala ramani haisemi uongo. Ni lugha mbili, na mkalimani hayupo.

Mita 300 katika nchi ya mashamba na malisho si kitu cha kudharau. Ni shamba zima la mtu, au kisima cha kunyweshea ng'ombe wa kijiji.

Siku hizi nchi jirani zinajenga vituo vya kudumu vya kusahihisha vipimo vya setilaiti. Kituo hukaa mahali panapojulikana barabara, hukokotoa kosa la ishara, kisha humtumia mpima ardhi au dereva wa trekta masahihisho, naye akapata usahihi wa sentimita chache. Lakini kituo kipya hakimfai kila mwenye kipokezi. Kipokezi kikuukuu huenda kisiufahamu mtindo mpya wa ujumbe wa masahihisho. Vingine hupokea setilaiti za Marekani tu, na za Urusi, Ulaya na China havizijui. Na hata ujumbe ukifahamika, dereva aliyehifadhi mistari ya shamba lake kwa vipimo vya zamani ataona trekta ikilima kwa jirani, iwapo hakuna aliyezigeuza namba hizo.

Afrika imekwisha kuanzisha mpango wa AFREF wa kuwa na msingi mmoja wa vipimo kwa bara zima, na Nairobi kuna kituo cha kikanda cha ramani kilichoanzishwa mwaka 1975. Njia ipo. Linalotakiwa ni jirani kutembea pamoja. Kila nchi ikihamia vipimo vipya kwa wakati wake na kwa hesabu zake, ramani mbili za mpaka mmoja zitapishana, na penye pengo ataingia mchochezi. Hesabu za kugeuzia vipimo zikubaliwe kwa pamoja na kutangazwa wazi. Vituo vipya viendelee kutuma pia ujumbe wa mtindo wa zamani, mpaka wakulima wapate uwezo wa kubadili vyombo vyao.

Juu ya yote, wananchi waelezwe kwamba nchi kavu mpaka ni zile alama zilizosimamishwa na kukubaliwa na pande mbili. Namba zinaweza kubadilika kila vyombo vinapobadilika. Ardhi haijasogea hata hatua moja, na asitokee mtu wa kupeleka ng'ombe wala bunduki ng'ambo kwa sababu ya namba hizo.