Rusizi: Jinsi mwinuko na joto vinavyoamua ukuaji wa mbuni

Msafiri anayetoka Bugarama, kusini mwa wilaya ya Rusizi, huanza safari yake kwenye tambarare ya mpunga iliyo chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Akipanda hadi Kamembe, ambako uwanja wa ndege uko karibu mita 1,600, hukuta hewa imepoa na vilima vimefunikwa na migomba na mibuni. Akiendelea mashariki hufika kwenye mashamba ya chai, kisha kwenye msitu wa Nyungwe. Katika migongo ya juu kabisa ya msitu huo, ambako mlima Bigugu unakaribia mita 2,950, miti mirefu huwapisha vichaka vifupi vyenye majani madogo na magumu.

Mpangilio huo haukutokea kwa bahati. Kwa wastani, kila mtu apandapo mita 100, joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 za Selsiasi. Kutoka Bugarama hadi kilima cha mita 2,000, tofauti hufikia nyuzi sita hivi. Kwa mmea usioweza kuhama, tofauti hiyo ndiyo huamua utakua kwa kasi gani, utazaa lini, na maradhi gani yataushambulia.

Mbuni ni kielelezo kizuri cha jambo hili, nao una historia ndefu Rusizi. Misheni ya Kikatoliki ya Mibirizi, iliyoanzishwa mwaka 1903, ni miongoni mwa mahali pa kwanza palipopandwa kahawa nchini Rwanda, na aina moja ya kahawa ya arabika ingali inaitwa Mibirizi hadi leo.

Asili ya arabika ni misitu ya milimani ya Ethiopia. Hustawi zaidi pale ambapo wastani wa joto la mwaka ni kati ya nyuzi 18 na 22. Katika hali hiyo, maua yanayochanua baada ya mvua za mwezi Septemba huchukua miezi saba hadi tisa kuwa matunda mekundu. Kadiri shamba linavyokuwa juu zaidi, ndivyo matunda yanavyochelewa kuiva, na buni hupata muda wa kujaa na kuwa nzito. Ndiyo maana wanunuzi huisifu kahawa ya miinuko. Katika joto kali mambo hugeuka: tunda huiva upesi kabla buni haijajaa, na mti huchoka mapema. Juu sana nako kuna mipaka yake, kwa kuwa baridi hupunguza ukuaji wa matawi, na jalidi ikitokea huunguza majani.

Maradhi nayo hufuata mwinuko. Kutu ya majani na yule mdudu mdogo mweusi anayetoboa matunda, ambaye wakulima wa Tanzania humwita ruhuka, hupendelea maeneo yenye joto. Chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaoyaozesha matunda yakiwa mabichi, hupendelea baridi na unyevu wa juu. Mkulima wa kila mwinuko ana adui wake.

Hapo ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapoingia. Kwa mujibu wa taarifa za serikali ya Rwanda, wastani wa joto nchini umeongezeka kwa nyuzi 1.4 tangu mwaka 1970. Tukitumia kipimo cha nyuzi 0.6 kwa kila mita 100, ongezeko hilo ni sawa na kulishusha shamba kwa zaidi ya mita 200. Shamba lililo mita 1,500 hupata leo joto ambalo zamani lilikuwa la mita 1,270 hivi, ingawa halijasogea hata hatua moja.

Usiku una uzito wa pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu kahawa ya arabika nchini Tanzania ulionyesha kuwa kila joto la chini kabisa, ambalo kwa kawaida ni la usiku, linapopanda kwa nyuzi moja, mavuno hupungua kwa takriban kilo 137 kwa hekta.

Jibu jepesi lingekuwa kuihamishia mibuni juu. Kwa mkulima wa Rusizi jibu hilo halipatikani kwa urahisi. Juu ya ukanda wa kahawa kuna chai, zao linalopenda mvua nyingi na udongo wenye asidi, na juu ya chai kuna Nyungwe. Msitu huo ni hifadhi ya taifa, uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023, na hulisha mito inayotiririka hadi Kongo na Nile. Kuukata ili kupanda kahawa kungeharibu mvua na maji ambayo kahawa yenyewe huyategemea.

Linalobaki ni kuupoza mbuni pale pale ulipo. Miti ya kivuli hupunguza joto linaloyafikia majani. Matandazo ya nyasi, ambayo wakulima wa Rwanda wameyatumia kwa miaka mingi, huhifadhi unyevu wa udongo wakati wa kiangazi cha Juni hadi Agosti. Kupogoa huruhusu hewa kupita na kupunguza kuvu, na aina zinazostahimili kutu hupunguza hasara katika mashamba ya chini.

Mbuni uliotunzwa vyema huweza kuzaa kwa miaka 30 na zaidi. Mche unaopandwa leo kando ya Ziwa Kivu utakuwa bado shambani mwaka 2050, kwa hiyo anayechagua aina ya mche na mahali pa kuupanda hana budi kuzingatia pia joto la miaka hiyo ijayo.