Pemba, Manjanja na Shitingi: Historia Ndogo ya Kupamba Nyumba Pinga



Mwaka jana, mwezi wa kumi, mwenzangu mmoja tuliyesoma naye, ambaye sasa anaishi Ubelgiji, alinitumia picha za saloni yake. Rido za rangi ya kahawia, blanketi nzito juu ya kiti, mishumaa mezani. Kwao majani ya miti yalikuwa yanaanguka, baridi inakaribia, na majira hayo yakifika watu wengi wanabadilisha sura ya nyumba. Akaniuliza: "Na ninyi huko Pinga, munapambaka nyumba wakati gani?" Nilicheka. Mwezi wa kumi mimi niko ndani ya maharage napalilia, potopoto mpaka magotini. Nikamjibu kwamba sisi hatuna mambo hayo.

Mama alikuwa karibu, akasikia. Akasema: "Nani alikudanganya? Nyumba uliyozaliwa ndani nilikuwa naibadilishaka nguo kila mwaka."

Niliona haya. Niko na lisansi, lakini historia ya ukuta wa kwetu sikuijua. Basi nikaanza kuuliza wazee, nikaunganisha na yale niliyosoma. Haya ndiyo niliyopata.

Tuanze na kalenda, juu mimi ni mtu wa kilimo. Hapa Kivu ya Kaskazini tunalima misimu miwili. Msimu A unaanza mwezi wa tisa, msimu B unaanza mwezi wa pili ao wa tatu. Katikati, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, mvua inapungua. Mavuno yameingia, mikono imepumzika kidogo, na udongo ukipakwa ukutani unakauka bila kupasukiwa na mvua. Huo ndio ulikuwa msimu wa nyumba. Mwezi wa tisa mvua inarudi, na nyumba inapaswa kuwa tayari.

Waswahili wa pwani wanaziita mvua zao za Oktoba mpaka Disemba vuli, na vitabu vinatumia neno hilo hilo kwa majira ya Ulaya ya majani kuanguka. Naona kuna ukweli ndani yake. Mzungu anavalisha nyumba juu ya baridi, sisi tulikuwa tunaivalisha juu ya mvua. Miezi ni karibu ileile.

Pinga iko pale milima ya Masisi inaposhukia msitu wa Walikale. Kwa hiyo nyumba za wazee zilikuwa za pande mbili. Upande wa msitu waliezeka kwa majani mapana ya mangungu, upande wa milima kwa nyasi. Kuta zilikuwa miti na matete yaliyofungwa kwa kamba za msituni, kisha kukandikwa potopoto. Moto ulikuwa unawaka ndani ya nyumba, na moshi ulikuwa na kazi: ulikausha paa na kufukuza wadudu wanaokula majani. Nyumba isiyowashwa moto ilioza upesi. Ndiyo maana nyumba ya mtu aliyehama ilianguka yenyewe, bila kubomolewa na mtu.

Kupamba ilikuwa kazi ya wanawake. Mama alinieleza utaratibu wake. Kwanza kuziba nyufa kwa potopoto iliyokanyagwa vizuri. Kisha, chini, mkanda wa udongo mweusi wa bondeni wenye urefu wa mkono, juu matone ya mvua yakirukia ukuta hayataonekana. Halafu juu yake pemba, ule udongo mweupe, uliopondwa, ukachujwa na kupakwa kwa kitambaa. Wengine waliongeza mstari wa udongo mwekundu kuzunguka mlango. Rangi tatu, zote za bure, zote za bonde moja.

Halafu ikaja serikali ya Wabelgiji, na nyumba ikaanza kutazamwa na macho mengine. Katika Kongo nzima vijiji vilisogezwa vikapangwa kando ya barabara, ili iwe rahisi kuhesabu watu na kuwapeleka kazini. Kuanzia 1917 kulikuwa na amri ya mazao ya lazima, siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita ya pili ya dunia, 1942, zikafika siku 120. Ninyi wenzangu wa kilimo mulisoma amri hiyo darasani kama historia ya mazao. Lakini jiulizeni: siku 120 zilitoka wapi? Zilitoka pia kwenye siku za kuezeka na kukandika. Koko yangu alikuwa anasimulia maneno ya mama yake: "Ukuta wa mbele ulikuwa wa mzungu, ukuta wa nyuma ulikuwa wetu." Wa mbele walipaka juu ya kuogopa ukaguzi. Wa nyuma walipaka wakipata nafasi.

Kisha manjanja zikaja. Kwanza kwa kanisa, kwa misheni, kwa wachuuzi, baadaye kwa yeyote aliyeuza ng'ombe ao mavuno mazuri. Manjanja ilileta pumziko kubwa: hakuna tena kutafuta majani kila mara. Lakini ilibadilisha mengi. Moto ulitoka ndani, jikoni ikajengwa pembeni. Saloni ikazaliwa: viti, meza, vitambaa vya kushona kwa mkono juu ya viti, kalenda ya kanisa ukutani. Na heshima ya nyumba ikahama kutoka ukutani ikapanda juu ya paa. Mtu hakuulizwa tena "ukuta wako umepakwa?" Aliulizwa "uko na manjanja ngapi?"

Sasa nifike pale pagumu. Tangu 1993, vita ilipowaka Masisi na Walikale, nyumba zetu ziliungua, zikajengwa, zikaungua tena. Mwaka wa 2012 na 2013 Pinga yenyewe iligombaniwa, ikatoka mikono hii kuingia mikono ile, na watu wakakimbia zaidi ya mara moja. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Usiku mmoja baba alipanda juu ya nyumba, akavua manjanja moja moja, tukazifukia shambani chini ya mihogo. Ndipo nilielewa kwamba manjanja ni mali ya kukimbia nayo, ama ya kuficha. Pemba huwezi kuificha wala kuibeba.

Tuliishi chini ya shitingi. Hata mule ndani mama alitundika kikwembe katikati, tuwe na chumba na saloni. Jirani yetu alipanga mawe madogo mlangoni kama mtu mwenye ua.

Wanyanga wana hadithi ya Mwindo, aliyoisimulia Candi Rureke mwaka wa 1956, ikatolewa kitabuni 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Ndani yake kijiji cha Tubondo kinateketezwa kwa radi ya Nkuba. Baadaye Mwindo anakifufua, na kila mtu anaamka akiendelea na kazi aliyokuwa akiifanya. Koko aliipenda sehemu hiyo. Sisi tuliporudi hatukuamka hivyo. Tulifukua manjanja, zingine zilikuwa na matundu ya kutu, tukajenga kwa mbao za kalitusi. Nyumba ya mbao inasimama kwa siku chache, na ukihama unaweza kuing'oa. Nilipoenda kusoma Goma nikaziona kwa maelfu, juu ya mawe meusi ya Nyiragongo. Volkano ile ilipofunika sehemu ya mji tarehe 17 Januari 2002, watu wengi walijenga upya kwa mbao. Ndani wanapigilia makartoni na shitingi ya zamani kuzuia upepo, halafu juu yake rido nzuri. Tusiwacheke. Huo ni mtindo wa watu wasiojua kama kesho watakuwa pale.

Na hili ndilo nililojifunza kwa kuuliza wazee: katika nchi yetu, ukuta unasema mwenye nyumba anatumaini kukaa muda gani. Majani na pemba vilisema "mwaka ujao nitapaka tena hapa." Ukuta wa mbele wa barabarani ulisema "naogopa." Mbao zinasema "tutaona."

Mama, tangu tuliporudi, hakupaka kitu. Alikuwa akijibu: "Nimupakie nani? Wale watakaoiunguza?" Miaka ikapita. Baba akaongeza chumba cha potopoto nyuma ya nyumba ya mbao, kuta zikabaki zimepasuka. Halafu kiangazi kimoja, bila mtu kutangaza amani, bila mkutano, mama alichukua beseni akashuka bondeni. Alirudi na pemba kichwani. Alipaka siku mbili. Wiki iliyofuata majirani watatu walikuwa wanauliza alipochimba.

Risasi hazikuisha siku hiyo. Hata leo hatulali kila usiku kwa usingizi mzuri. Lakini nakumbuka nilivyosimama mbele ya ule ukuta na kusikia kwamba nimefika kwetu.

Kuna aibu moja nipaswa kuitaja. Bonde lile, lenye matete na pemba, ni mimi nilishauri wakulima walikaushe, wachimbe mifereji, wapande mboga. Kwa hesabu za kilimo nilikuwa sawa. Mboga zilitoka. Lakini matete yakaisha, na mashimo ya pemba yakazibwa na udongo wa mifereji. Nilikuwa nimefundishwa kuhesabu kilo kwa hekta. Sikufundishwa kuuliza ukuta wa mama unatoka wapi. Msimu huu tumekubaliana na wenye mashamba kuacha ukanda wa hatua kumi kando ya mto, matete yaote tena, na njia ya kufika kwenye pemba ibaki wazi. Ni kitu kidogo, na matete yatahitaji muda.

Mwenzangu wa Ubelgiji nilimwandikia tena. Nikamwambia: nilikosea, Pinga tunapambaka nyumba mwezi wa saba na wa nane, kabla ya mvua. Nikamtumia picha ya ukuta, mkanda mweusi chini, pemba juu. Alijibu kwamba kwa koko yake, Nyabiondo, mkanda ulikuwa mwekundu.

Na kwenu? Kabla ya kuleta hapa picha za rido mpya, muulize mama ao koko alikuwa anapaka nini, alitoa wapi, na aliacha lini. Muandike chini hapa. Wazee wanaondoka, na kuta za potopoto hazina kumbukumbu nyingine.